Elementi, Kampaundi na Michanganyiko: Jinsi ya Kuvitambua na Kuvitenganisha

Mtu akikupa maji ya chumvi na kukutaka umrudishie chumvi yake, kazi hiyo ni nyepesi: chemsha maji hadi yaishe, na chumvi itabaki chini ya chombo. Akikutaka umrudishie sodiamu na klorini zilizomo ndani ya chumvi hiyo, moto wa jiko hautakufikisha popote hata ukiuwasha mwezi mzima. Tofauti kati ya maombi hayo mawili ndiyo inayoongoza kazi yote iliyoelezwa hapa. Vitu vilivyowekwa pamoja tu hutenganishwa kwa njia kama kuchuja, kuvukiza au kutumia sumaku, na kila kimoja hutoka kikiwa kilekile kilichoingia. Vitu ambavyo atomi zake zimeungana hutenganishwa kwa mabadiliko ya kikemia peke yake. Anayeanza kazi kabla hajajua kitu chake kiko upande gani hupoteza muda, na wakati mwingine huharibu hasa kile alichotaka kukipata.

Kabla ya kuendelea, kuna neno moja la lugha yetu linalohitaji kunyooshwa. Katika mazungumzo ya kila siku husema kwamba barafu imeyeyuka, na vilevile kwamba sukari imeyeyuka ndani ya maji, ilhali mambo hayo mawili hayafanani. Barafu hugeuka kutoka yabisi kuwa kimiminika kwa sababu ya joto, bila kuhitaji kitu cha pili. Sukari hutawanyika katikati ya molekuli za maji, na maji yakiondolewa hupatikana tena. Humu nitatumia kuyeyuka kwa jambo la kwanza na kumumunyika kwa la pili, na kimiminika kinachotokana na kumumunyika nitakiita mmumunyo. Nimeona wanafunzi wengi wakikwama katika kutenganisha kwa sababu ya neno hilo moja tu.

Kutambua ulichonacho

Elementi ni kitu kilichojengwa kwa atomi za aina moja, na kwa hiyo hakuna njia ya kikemia inayoweza kukigawa katika vitu sahili zaidi. Mwaka 1789 Mfaransa Antoine Lavoisier alichapisha orodha ya vitu 33 alivyoviona kuwa sahili. Ndani yake alihesabu hata mwanga na joto, na pia chokaa, ambayo baadaye ilithibitika kuwa muungano wa kalisi na oksijeni. Leo elementi zinazotambuliwa ni 118, na nne za mwisho zilipewa majina yake rasmi mwaka 2016. Nyingi ni metali. Katika joto la kawaida la chumbani ni mbili tu zilizo katika hali ya kimiminika, yaani zebaki na bromini, na kumi na moja ni gesi. Alama zake hazifuati majina tuliyoyazoea kila mara, kwa kuwa baadhi zimetokana na Kilatini: sodiamu huandikwa Na, chuma Fe, fedha Ag, risasi Pb. Hizo ni za kukariri, hakuna ujanja mwingine.

Kampaundi hutokea pale ambapo atomi za elementi mbili au zaidi zimeungana kwa uwiano usiobadilika. Uwiano huo ndio alama yake kuu ya utambulisho, nao ulitetewa kwa vipimo vya mizani na Joseph Proust mwishoni mwa karne ya 18. Kila gramu 9 za maji, yatoke mtoni, kwenye mawingu au maabara, zina gramu 1 ya hidrojeni na gramu 8 za oksijeni. Alama ya pili ni kwamba kampaundi haibebi tabia za elementi zilizoiunda. Sodiamu ni metali laini inayopambana vikali na maji, na klorini ni gesi yenye sumu, lakini muungano wake ni chumvi tunayoila.

Mchanganyiko, kwa upande wake, hauna uwiano wa lazima. Unaweza kutia kijiko kimoja cha chumvi katika maji au vijiko vitatu, na vyote viwili vitakuwa maji ya chumvi. Kila kilichomo huendelea kuwa na tabia yake: chuma kilichochanganywa na mchanga bado huvutwa na sumaku, na chumvi iliyomo majini bado huonjeka. Hewa kavu ni mchanganyiko wa takribani asilimia 78 za nitrojeni, asilimia 21 za oksijeni, karibu asilimia 1 ya agoni na gesi nyingine chache. Dhahabu ya karati 18 nayo ni mchanganyiko, kwa kuwa sehemu 18 kati ya 24 ni dhahabu na zilizobaki ni metali nyingine, na sonara anaweza kuubadilisha uwiano huo apendavyo.

Mfano unaoonyesha mpaka huu kwa uwazi kuliko mingine ninayoifahamu ni wa chuma na salfa. Ukichanganya gramu 7 za unga wa chuma na gramu 4 za salfa, utapata unga wa rangi ya kijivu iliyochanganyika na manjano, na sumaku itakichomoa chuma chote bila shida. Unga huohuo ukipashwa moto mkali, huanza kuwaka kwa wekundu na huendelea wenyewe hata moto ukiondolewa, na mwishowe hubaki gramu 11 za kitu cheusi kiitwacho salfidi ya chuma. Hapo hakuna tena manjano ya salfa, na sumaku haikipati chuma cha kukivuta. Ukianza na gramu 10 za chuma badala ya 7, gramu 3 hubaki bila kuungana, na sumaku itazikuta. Hiyo ndiyo maana halisi ya uwiano usiobadilika. Sehemu ya kuchanganya inaweza kufanywa popote, lakini sehemu ya kupasha moto iachwe kwa maabara yenye kabati la kutolea gesi, kwa sababu salfa inayoungua hutoa gesi inayokaba pumzi.

Swali la kujiuliza kabla ya kugusa chombo

Njia zote za kutenganisha michanganyiko zinatokana na swali moja: vitu hivi vinatofautiana katika tabia gani? Vikitofautiana kwa ukubwa wa chembe, chekecha. Kimoja kikivutwa na sumaku na kingine kisivutwe, tumia sumaku. Kimoja kikimumunyika katika maji na kingine kikatae, tia maji kisha chuja. Vikitofautiana kwa kiwango cha joto la kuchemkia, keneka, yaani chemsha kisha upoze na kukusanya mvuke. Ukishaizoea tabia hii ya kuuliza, hutahitaji kukariri jedwali la njia na mifano yake, kwa maana njia hujitokeza yenyewe.

Swali la pili ni dogo lakini husahaulika: je, njia niliyoichagua itakibadilisha kitu chenyewe? Mtu anayetaka kurudisha sukari kutoka katika maji akiuwasha moto mkali hadi maji yaishe, sukari itageuka kahawia, kisha itakuwa makaa meusi. Hajatenganisha, ameivunja kampaundi. Kwa sukari, maji yaondolewe polepole kwa joto la chini.

Zoezi kamili: chuma, mchanga na chumvi

Zoezi hili linakusanya njia tatu kwa mpangilio, na vifaa vyake ni vichache: sumaku, mfuko mwembamba wa plastiki, bika mbili, faneli, karatasi ya kuchujia, kijiti cha kioo, bakuli la kuvukizia na mizani. Pima gramu 5 za unga wa chuma, gramu 20 za mchanga uliooshwa na kukaushwa, na gramu 10 za chumvi, kisha uvichanganye vizuri. Andika jumla, gramu 35, kwa sababu utaihitaji mwishoni.

*Hatua ya kwanza: sumaku.* Iweke sumaku ndani ya mfuko wa plastiki, kwa maana unga wa chuma ukigusana na sumaku moja kwa moja hung'ang'ania na kuubandua ni taabu. Tandaza mchanganyiko juu ya karatasi ili uwe tabaka jembamba, pitisha sumaku karibu nao, kisha ihamishie juu ya chombo kingine na uichomoe kutoka mfukoni; chuma kitadondoka. Rudia mara tatu au nne. Mara ya kwanza chuma huburuta punje za mchanga pamoja nacho, kwa hiyo kile ulichokikusanya kitandaze nacho na ukipitishie sumaku tena.

Kuna sababu ya kuanza na sumaku na si na maji. Chuma kikilowa, tena katika maji ya chumvi, huanza kushika kutu, na kutu ni kampaundi mpya ya chuma, oksijeni na maji. Ukikawia, hutapata tena gramu 5 za chuma ulizoziweka, na chumvi yako itatoka ikiwa na rangi ya udongo.

*Hatua ya pili: maji.* Hamishia mchanga na chumvi katika bika na umimine mililita 50 za maji ya vuguvugu, kisha koroga kwa dakika mbili au tatu. Kiasi hicho kinatosha, kwa kuwa gramu 100 za maji katika joto la chumbani huweza kumumunyisha takribani gramu 36 za chumvi, hivyo mililita 50 hubeba hadi gramu 18. Usitie maji mengi kwa kudhani unajihakikishia. Kila mililita unayoiongeza sasa utalazimika kuivukiza baadaye. Vuguvugu husaidia chumvi kumumunyika haraka, ingawa kwa chumvi ya kawaida joto haliongezi sana kiasi kinachoweza kumumunyika.

*Hatua ya tatu: kuchuja.* Kunja karatasi ya kuchujia nusu, kisha nusu tena, uifungue iwe na umbo la pia (koni), yenye tabaka tatu upande mmoja na tabaka moja upande wa pili, na uiloweshe kidogo ili ishikamane na faneli. Acha mchanga utuame kwanza. Mimina maji ya juu ukiyaongoza kwa kijiti cha kioo, na uhakikishe hayafiki ukingo wa karatasi, kwa sababu yakivuka ukingo hupita pembeni pamoja na mchanga. Mchanga wenyewe uumimine mwisho. Ukiutanguliza, utaziba matundu na kazi itachukua muda mrefu bila sababu.

Sasa linakuja jambo ambalo wengi huliruka. Mchanga uliobaki kwenye karatasi bado umelowa maji ya chumvi, na ukiuacha ukauke hivyo, chumvi itabaki imeushikilia. Uoshe kwa mililita 10 za maji, acha yashuke yote, kisha rudia kwa mililita 10 nyingine. Kuosha mara mbili kwa maji machache hutoa chumvi nyingi kuliko kuosha mara moja kwa maji yote 20, kwa kuwa mkupuo wa pili hukuta maji yaliyobaki mchangani yakiwa yameshapunguziwa chumvi.

*Hatua ya nne: kuvukiza.* Mimina mmumunyo katika bakuli la kuvukizia na uupashe moto wa wastani. Fuwele za kwanza zikianza kuonekana pembeni, punguza moto mara moja, kwani mmumunyo mzito huruka matone ya moto yanayoweza kuunguza jicho, nayo chumvi yako huenda nayo. Vaa miwani ya kinga. Ni afadhali kuimalizia kazi kwa kuweka bakuli juu ya bika ya maji yanayochemka, ili lipate joto la mvuke badala ya mwali wa moto.

*Hatua ya tano: hesabu.* Kausha vyote vitatu na uvipime kila kimoja peke yake. Jumla ikizidi gramu 35, bado kuna unyevunyevu, kwa hiyo kausha tena na upime hadi uzito uache kubadilika. Ikipungua kidogo, tafuta kilipobaki: kwenye mfuko wa sumaku, kwenye karatasi, au kwenye kuta za bika. Chumvi ikipungua huku mchanga ukizidi, basi hukuosha vya kutosha. Mizani ndiyo mwalimu wa kweli wa zoezi hili, na ningesikitika kumwona mtu akiliacha kabla ya kupima.

Unapoyataka maji yenyewe

Kuvukiza kunakupa chumvi na kuyapoteza maji hewani. Ukiyataka maji, kamata mvuke wake, upoze, uukusanye; huko ndiko kukeneka. Mmumunyo huwekwa katika chupa yenye mkono wa pembeni, mvuke huingia katika kondensa, yaani neli iliyozungushiwa maji baridi, na matone hukusanywa upande wa pili. Maji ya kupozea yaingie kondensa kupitia mdomo wa chini na kutokea juu, ili koti lote lijae. Balbu ya kipimajoto isizamishwe katika mmumunyo bali ikae sambamba na mdomo wa mkono wa pembeni, maana tunataka kujua joto la mvuke unaotoka. Tia vipande viwili au vitatu vya kigae kisichopakwa rangi ndani ya chupa kabla ya kuwasha moto, ili mapovu yawe madogo na mmumunyo usirukeruke. Mfumo wote usizibwe. Lazima uwe na mahali pa kupumulia. Na usiiache chupa ikauke, kwani kioo kitupu juu ya moto hupasuka.

Vimiminika viwili vilivyochanganyika hukenekwa kwa hatua, na safu ndefu huwekwa juu ya chupa ili mvuke upoe na kuchemka tena mara nyingi njiani. Ethanoli huchemka kwenye nyuzi joto 78 za Selsiasi na maji kwenye 100 katika usawa wa bahari, kwa hiyo mvuke unaofika juu huwa na ethanoli nyingi zaidi. Hata hivyo, ukeneke mara ngapi, njia hii ya kawaida haikupitishi ethanoli ya takribani asilimia 96, kwa kuwa katika uwiano huo mchanganyiko huchemka kana kwamba ni kitu kimoja. Mvuke wa ethanoli hushika moto upesi. Tumia hita ya umeme, wala si mwali ulio wazi. Kwa kanuni hiyohiyo viwanda hupoza hewa hadi ikawa kimiminika, kisha nitrojeni hutoka kwanza kwenye nyuzi joto 196 chini ya sifuri, agoni kwenye 186 chini ya sifuri, na oksijeni kwenye 183 chini ya sifuri.

Njia nyingine

Mafuta na maji havimumunyiki pamoja, hivyo faneli ya kutenganishia, yenye bomba chini, inatosha: acha tabaka mbili zijipange, ondoa kizibo cha juu, fungua bomba hadi tabaka la chini liishe, kisha ufunge. Usipoondoa kizibo, kimiminika kitagoma kushuka.

Naftalini iliyochanganyika na mchanga hupashwa joto la chini kabisa, hugeuka gesi bila kupitia hali ya kimiminika, na huganda tena juu ya kitu baridi kilichowekwa juu yake. Mvuke wake haufai kuvutwa, kwa hiyo kazi hiyo nayo ni ya maabara.

Kufanya fuwele kwa kupoza ni njia ya pekee kwa vitu ambavyo umumunyikaji wake hutegemea sana joto. Gramu 100 za maji katika nyuzi joto 60 humumunyisha takribani gramu 110 za potasiamu naitreti, lakini katika nyuzi joto 20 hubeba takribani 32 tu. Zilizobaki, karibu gramu 78, hujitoa zikiwa fuwele. Uchafu mdogo uliokuwemo hubaki ndani ya maji. Poza polepole upate fuwele kubwa na safi zaidi, maana zinazojengeka kwa haraka hufungia maji machafu ndani yake.

Maji yenye tope jembamba sana hupita kwenye karatasi ya kuchujia yakiwa bado na ukungu. Chembe zake ni ndogo kuliko matundu ya karatasi, na husukumana zisishikamane. Shabu huzifanya zigandamane kuwa mabonge yanayotuama, kisha kuchuja huwezekana. Kumbuka tu kwamba maji yanayong'aa si lazima yawe safi: kwa mwanakemia, kitu safi ni kile kisicho na kingine ndani yake, na maji ya chumvi yaliyo angavu kama kioo ni mchanganyiko. Kipimo cha kutegemewa ni joto la kuchemkia: maji matupu husimama kwenye nyuzi joto 100 katika usawa wa bahari, ilhali ya chumvi huzidi hapo na huendelea kupanda kadiri yanavyopungua.

Rangi zilizochanganyika kwa kiasi kidogo hutenganishwa kwa kromatografia, njia iliyobuniwa na Mrusi Mikhail Tsvet mwanzoni mwa karne ya 20 alipokuwa akichunguza rangi za majani. Kata ukanda wa karatasi ya kuchujia, chora mstari kwa penseli sentimita 2 kutoka chini, na uweke nukta ndogo ya wino mweusi wa kalamu unaomumunyika majini. Mstari uwe wa penseli, kwa kuwa grafiti haimumunyiki, wakati mstari wa wino ungepanda pamoja na sampuli. Simamisha ukanda katika maji yenye kina cha sentimita 1, ili nukta ibaki juu ya maji, na uutoe kabla maji hayajafika kileleni. Weka alama yalipofikia. Rangi iliyopanda sentimita 4.5 wakati maji yamepanda 9 kutoka kwenye mstari ina kiwango cha 0.5, na kiwango hicho husaidia kuilinganisha na rangi nyingine katika karatasi ileile na kimiminika kilekile cha kumumunyisha, ambacho hapa ni maji.

Kuivunja kampaundi

Maji yaliyokenekwa mara kumi yatabaki kuwa maji. Ili kupata hidrojeni na oksijeni, kifungo cha atomi lazima kivunjwe, na mwaka 1800 William Nicholson na Anthony Carlisle walifanikiwa kukivunja kwa kupitisha umeme wa betri majini. Jaribio lao laweza kurudiwa kwa betri ya volti 9 na risasi mbili za penseli, ambazo licha ya jina lake ni grafiti. Maji matupu hupitisha umeme kwa shida mno, kwa hiyo mumunyisha humo kijiko kidogo cha sodiamu salfeti. Chumvi ya mezani isitumike, kwa sababu hutoa klorini. Jaza neli mbili za majaribio kwa mmumunyo huo, zigeuze kichwa chini ndani ya chombo bila kuingiza hewa, na uziweke juu ya risasi za penseli zilizounganishwa na betri.

Fanya kazi kwenye chumba chenye hewa ya kutosha, mbali na moto, na usikusanye zaidi ya neli moja ndogo ya hidrojeni. Baada ya muda utaona gesi iliyo upande wa ncha hasi ya betri imejaa karibu mara mbili ya ile ya upande chanya. Upande hasi ni hidrojeni, upande chanya ni oksijeni, na uwiano huo wa ujazo ndio uliomo katika fomula H₂O. Oksijeni huenda ikawa pungufu kidogo ya nusu, kwa kuwa sehemu yake humumunyika majini na nyingine huula ule mkaa wa penseli. Ukiona vumbi jeusi likishuka chini ya chombo, hilo ndilo lililotoka kwenye penseli.